MWALIMU WA KWAYA NDIYE MUUAJI

Sehemu ya tisa

"Zimeni taa," Mchungaji alisema. "Chiriku mwanangu, njoo mbele. Leo utatafsiri hapahapa, tukikuona."

Hapo ndipo tulipomwacha Chiriku wiki iliyopita, na kama gazeti lako ulishafungia sabuni usinilaumu mimi. Nitakukumbusha mara moja tu, kwa haraka, maana nina kazi.

Tupo kwenye ukumbi wa kanisa, mchana kweupe, mapazia yamevutwa ili televisheni ionekane. Viti vimejaa. Ajenda ni moja: mwalimu wa kwaya afukuzwe. Kafanya nini? Kaiba? Katukana? Kakosea noti? Wala. Kuna filamu ambayo mwalimu wa kwaya ndiye muuaji.

Usicheke. Watu wazima, na akili zao, wameoga na kuchana nywele, wamekuja kikaoni kwa ajili hiyo.

Filamu yenyewe inaitwa Fungu la Kumi. Muuaji anaingia ibadani, anahesabu watu kwenye benchi, na kila wa kumi haioni Jumapili inayofuata. Anakutwa kalala chali, kifuani kabandikwa mstari wa Maandiko. Ni filamu ya kigeni, na lugha yake mtaani kwetu haijui mtu ila Chiriku mwenye ukumbi wa video, ambaye naye anaijua nusu, nusu nyingine anaitunga. Anashika kipaza sauti, picha inakwenda, yeye anawasemea wote: muuaji, polisi, marehemu, mpaka mbwa. Na juu ya kila filamu anabandika tangazo lake, lenye picha yake na namba ya simu: "Chiriku hakosei."

Basi hakukosea, mpaka watu wakaacha kuitikia salamu ya mwalimu wa kwaya. Sauti ya kwanza yote imejitoa kwenye kwaya, wamebaki wanaume watatu wa besi na bibi mmoja asiyesikia vizuri. Jumapili hakuna anayekubali kukaa wa kumi, kwa hiyo mabenchi yana mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Na mwalimu mwenyewe ni mtu ambaye kuku wake huchinjiwa na jirani, maana damu hawezi kuiona. Sasa jirani naye anasema yuko bize.

Mwalimu huyo ana binti. Binti ni fundi simu, na mtaa mzima unamwita Fundi. Jumamosi hii Fundi anaolewa. Na nani? Na Chiriku! Ndiyo, huyuhuyu aliyemgeuza baba mkwe wake kuwa muuaji kwa kipaza sauti. Mapenzi bwana, we acha tu.

Mwisho wa sehemu iliyopita, Fundi aliingia kikaoni na flashi mkononi. "Hii ndiyo filamu yenyewe," alisema, "kabla haijapita kwa Chiriku. Naomba tuangalie mwisho wake." Mchungaji, ambaye filamu hii anaipenda kuliko inavyostahili, akaichomeka kwenye televisheni kwa mkono wake mwenyewe.

Haya, tuendelee.

Chiriku alisogea mbele kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

"Baba Mchungaji, koo langu leo..."

"Meza mate, mwanangu."

"Na hiki kipaza sauti sijakizoea."

"Kitakuzoea chenyewe. Kaa." Mchungaji akawageukia waumini. "Ila kabla hatujaanza, tusikie maoni ya watazamaji. Kwa ufupi, na kwa upendo."

Kwa upendo! Mama Saluni alikuwa ameshasimama kabla neno halijaisha. Huyu ndiye anayesuka vichwa vya nusu ya kanisa, na ndiye aliyeleta hoja ya mwalimu kufukuzwa.

"Mimi nasema wazi, ile filamu ni ya kishetani. Damu, visu, makelele. Nimeiangalia mara nne, na mara zote nne imenikera."

"Mara ya pili ulifuata nini?" mtu akauliza.

"Nilikuwa nahakikisha."

Akapigiwa makofi. Seremala akanyoosha mkono. "Mimi sina neno na mauaji. Neno langu ni lile jeneza la yule marehemu wa tatu. Halijapigwa randa! Misumari inaonekana! Mimi nisingekubali kuzikwa mle."

"Na yule aliyechomwa kisu tumboni," akadakia muuguzi wa zahanati, "anaongea dakika kumi kama anaomba kura. Kwetu wakichomwa hawasemi hata jina."

"Tusiende mbali na Neno," Mchungaji alisema. "Kwa upande wangu, ile filamu ina mafundisho makubwa. Mmemwona mchungaji wa mle ndani? Upole ule! Muuaji kapiga magoti, na mtumishi wa Mungu anamwinamia, anamwombea bila woga. Jamani, nililia. Nilijiona mimi."

Alijiona hasa. Ameshatoa mahubiri mawili juu ya huyo mchungaji wa kwenye filamu, na siku hizi ameanza mpaka kutembea kama yeye, mikono nyuma, shingo upande.

"Kwa hiyo tumalize," Mama Saluni akasema. "Mwalimu aondoke. Mimi sisemi ameua. Nasema hajaua bado."

Nyuma kabisa, kwenye kiti cha pembeni, mwalimu wa kwaya alisimama. Kofia ilikuwa mkononi, anaizungusha. "Naomba niseme kidogo."

"Subiri, mwalimu," Mchungaji alisema. "Tuone filamu kwanza."

Mwalimu akakaa. Viti viwili vya kulia kwake vilikuwa wazi, na viwili vya kushoto pia, kwenye ukumbi ambao watu wengine walikuwa wamesimama ukutani.

Sasa msomaji, wewe na mimi tunajua jambo ambalo ukumbi ule ulikuwa haulijui. Chiriku haangalii filamu kabla ya kuitafsiri. Haangalii! Anasema inamharibia utamu. Anawasha, anashika kipaza sauti, anakwenda nayo hivyohivyo. Ijumaa moja, wiki kadhaa nyuma, alionyesha nusu ya kwanza, akamwona mwalimu wa kwaya wa kwenye filamu kavaa glovu nyeusi na macho kayabana, akawaambia watu palepale: "Mkazieni macho huyu. Muuaji ndiye huyu, mimi sikosei." Ukumbi ukapiga mayowe. Kesho yake akaifungua nusu ya pili, peke yake, ili ajirekodi. Akafika mwisho. Akaona muuaji ni nani.

Hapo mtu mwenye haya angesema: jamani, nilikosea. Lakini tangazo linasema Chiriku hakosei. Basi akaona kuliko aibu impate yeye, afadhali impate mtu mwingine. Akatunga mwisho wake, akaurekodi, na rekodi ikaingia kwenye simu za mtaa mzima.

Fundi alishaligundua jambo hilo, na asubuhi ya siku ya kikao alikuwa amemfuata mpaka mlangoni kwake. "Leo nitaleta filamu yenyewe," alimwambia. "Sijamwambia mtu kitu. Nataka useme mwenyewe, mbele ya baba. Ukisema mwenyewe, mimi nitasimama na wewe." Chiriku aliapa. Aliapa kwa mama yake, na mama yake yupo hai, anaumwa miguu.

Taa zikazimwa. Picha ikatokea. Chumba cha nyuma ya madhabahu, mshumaa mmoja, vivuli vimejaa. Chiriku akafungua kinywa.

Umeme ukakatika.

"Asante Bwana!" alisema Chiriku, na nadhani ndiyo sala yake ya kwanza ya kweli tangu abatizwe.

"Msiondoke!" Seremala alikuwa ameshafika nje. Jenereta la kanisa, ambalo kwenye harusi tatu mfululizo liligoma, siku hiyo liliwaka kwa kuvutwa mara moja tu. Televisheni ikarudi. Chiriku akaliangalia lile dirisha la nyuma, lakini lilikuwa na nondo.

Kwenye picha, mwalimu wa kwaya kapiga magoti. Mchungaji kasimama nyuma yake, kainama. Watu ukumbini wakavuta pumzi. Chiriku akamtazama baba mkwe wake, pale nyuma, kati ya vile viti vitupu. Akamtazama Fundi, aliyesimama karibu na televisheni. Fundi alimwitikia kwa kichwa, polepole. Sema, usiogope. Nafasi ndiyo hiyo, hadharani, ya bure, na mtoto wa watu anampa moyo.

Chiriku akaweka kipaza sauti mdomoni.

"'Ewe mchungaji,'" alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "'nimewaua wote kwa mikono yangu! Niombee mimi mwenye dhambi!'"

Ukumbi ukapumua. Ndiyo, hiyohiyo tunayoijua! Mama Saluni akampiga kiwiko jirani yake. Na mwalimu wa kwaya, wa kweli, akainamisha kichwa akaitazama kofia yake.

Sikwambii uongo, mimi mwenyewe ninayeisimulia nilitamani kumzaba kibao.

Fundi hakulia. Aliichukua rimoti kwenye meza, akabonyeza. Televisheni ikawa bubu.

"Mwanangu, tunakosa maneno," Mchungaji alisema.

"Hamkosi kitu, baba. Hayo maneno si ya filamu." Akamgeukia mchumba wake. "Na wewe nyamaza. Weka hicho chini." Akairudisha picha nyuma. "Naomba wote mwangalie kwa macho. Macho tu."

Wakaangalia. Ukumbi mzima ukasikia jenereta peke yake.

Mtu aliyepiga magoti alikuwa amefungwa mikono nyuma kwa kamba. Haombi toba, analia. Mchungaji aliyeinama nyuma yake ananyoosha vidole vya mkono mmoja, kimoja kimoja, anahesabu. Anahamia mkono wa pili. Anafika kumi. Kisha mkono wa kulia unaingia ndani ya joho na kutoka na kisu kirefu. Mwalimu wa kwaya anaanguka chali. Yule mpole, yule mtumishi, anatoa karatasi mfukoni na kumbandikia kifuani, taratibu, kama mtu anayebandika stempu.

Fundi akaisimamisha picha hapo.

"Alikuwa wa kumi," alisema. "Hakuua mtu. Aliuawa yeye."

Akadakia Seremala, mtu wa vitendo: "Mbona sisi kisu hatukukiona? Mimi nilikaa mstari wa mbele!"

"Kwa sababu mbele ya kisu kulikuwa na Chiriku. Lile tangazo lake filamu nzima limekaa juu, kona ya kulia. Ikifika hapa, dakika moja tu, linashuka chini na kukaa juu ya mikono yao. Kisha linarudi juu. Na mtu akianguka, Chiriku anawaambia amezidiwa na toba. Kazi yangu mimi ni kioo cha simu kutwa nzima, kitu kikihama kwenye kioo nakiona. Tangazo haliteremki lenyewe. Limeteremshwa."

Wote wakamgeukia Chiriku. Alikuwa amekilaza kipaza sauti sakafuni, anakitazama kama hajui ni cha nini.

"Nilikosea mwanzo," alisema. Kwa sauti yake mwenyewe, ambayo watu wengi walikuwa hawajawahi kuisikia, ndogo tu. "Nilishawaambia ni yeye. Nikaona aibu kurudi nyuma."

"Ukaona aibu," Fundi alisema. "Baba yangu hasalimiwi. Anatoka nyumbani kwenda mazoezi, anakuta ukumbi una watu wanne, anafundisha hivyohivyo, anarudi ananiambia mambo ni mazuri. Na wewe ulikuwa unakuja kwetu, unakaa kwenye kiti chetu, unasema 'shikamoo baba, kwaya inaendeleaje?' Ulikuwa unamuuliza wewe! Wewe!"

"Fundi, nakupenda."

"Hilo nalo umeliangalia mpaka mwisho, au bado unabahatisha?"

Mtu mmoja alicheka, akajuta.

Sasa njoo uone maoni ya watazamaji yanavyogeuka. Chapati haigeuzwi hivyo.

"Mimi nilijua tangu mwanzo," Mama Saluni alisema. "Nilimwambia hata mume wangu. Yule mchungaji wa mle macho yake hayakuwa ya kawaida."

"Anavyotembea tu," mwingine akasema, "mikono nyuma, shingo upande. Mtu safi hatembei vile."

Kimoja kimoja, vichwa vyote vikageuka kumtazama Mchungaji wetu, aliyesimama mbele ya televisheni, mikono nyuma, shingo upande.

Aliitoa mikono haraka. Akakosa pa kuiweka.

Kiti kimoja cha mstari wa mbele kikasogea nyuma, kikikwaruza sakafu. Cha pili kikafuata. Yule bibi asiyesikia vizuri akauliza kwa sauti, "Nani kaua?" na mtu akamnong'oneza, na bibi akasema, "Mimi alinishika mkono Jumapili!"

"Jamani," Mchungaji alisema. "Jamani, ndugu zangu. Ile ni filamu tu!"

"Ahaa," Fundi alisema. "Kumbe ni filamu."

Mama Saluni hakuwa na muda wa hayo. Alikuwa ameshapita katikati ya viti mpaka nyuma, uso umejaa tabasamu, ameushika mkono wa mwalimu wa kwaya kwa mikono yake miwili. "Mwalimu wetu! Shetani alitupitia tu. Mazoezi ya leo ni saa ngapi? Sauti ya kwanza tunarudi wote, mimi mwenyewe nitawapitia majumbani."

"Mwalimu oyee!" Seremala akapaza sauti, na ukumbi ukaitikia. Watu wakaanza kuvijaza vile viti vinne vitupu, wakigombania.

Mwalimu aliuchomoa mkono wake taratibu. Akasimama. Akavaa kofia, humohumo ndani.

"Juzi televisheni iliwaambia mimi ni muuaji," alisema, "mkaamini. Leo televisheni imewaambia si mimi, mmeamini. Mnanishangilia. Lakini tangu jambo hili lianze, sijapata hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza mimi. Wewe mama, watoto wako wote wawili nimewafundisha kuimba, walikuwa wanakula kwangu. Nawe seremala, mke wangu alipokufa ulinichongea jeneza, ukakaa na mimi matanga yote. Hukujua kwangu ni wapi?"

Seremala akatazama viatu vyake.

"Kwaya sirudi," mwalimu alisema. "Tafuteni mtu mwingine. Mkimpata, msimwonyeshe filamu."

Akaanza kwenda mlangoni. Watu wakampisha njia, na safari hii hawakumpisha kwa woga. Chiriku alimkimbilia, akajikwaa kwenye waya wa kipaza sauti, akafika mbele yake akiwa amepiga magoti bila kupanga.

"Baba. Baba, nisamehe."

Mwalimu alimtazama pale chini. "Umenikosea hadharani, kijana, na nje huko kila mtu bado ana ile tafsiri yako kwenye simu yake. Humu tumesikia watu wa kikao tu. Nenda kaseme huko ulikosemea uongo, kwa sauti ileile. Mtaa ukishasikia, Jumamosi uje uoe. Usiposema, Jumamosi kaa kwenu." Akampita.

Chiriku akainuka. Alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa jepesi, ndiyo tu. Alikuwa analifungulia mdomo mkono mzito ulipomshika kiwiko.

Ni Mchungaji. Usoni anatabasamu kwa ajili ya waumini, lakini vidole vinabana mpaka mfupani.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "umewaona wanavyonitazama? Jumapili nitasimama madhabahuni mbele ya nani? Sikiliza. Hii ya leo wameona watu wa kikao tu. Huko nje hakuna anayejua. Jumapili, baada ya ibada, utaweka filamu yako ile ya zamani, yenye tangazo, utawaambia binti wa watu aliichezea hii ya kwenye flashi ili amwokoe baba yake. Ni fundi, ataaminika kwamba anaweza. Sawa?"

"Baba Mchungaji, ni mke wangu huyo!"

"Bado hajawa. Na ukumbi wako wa video, Chiriku, umejengwa kwenye kiwanja cha nani?"

Kiwanja ni cha kanisa. Viti, spika, kile chumba cha nyuma anacholala mama yake mwenye miguu mibovu, vyote viko juu ya kiwanja cha kanisa.

"Nijibu, mwanangu. Watu wanatutazama. Tabasamu kidogo, unijibu."

Hapo ndipo Chiriku alipogeuza macho, akaona kwamba Fundi hakutoka na baba yake. Alikuwa amesimama hatua moja nyuma yao, ameshika kile kipaza sauti ambacho mchumba wake alikiacha sakafuni. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka; fundi ni fundi, waya alikuwa ameshauchomeka kwenye mtambo wa nje. Na nje, kwenye spika kubwa ya kanisa inayowaita watu ibadani, maneno ya mwisho ya Mchungaji yalikuwa bado yanavuma juu ya paa za mtaa: tabasamu kidogo, unijibu.

Mlangoni, mwalimu wa kwaya alikuwa amesimama, mgongo kwao, anasikiliza.

Fundi akakisogeza kipaza sauti mpaka kwenye midomo ya mchumba wake.

"Mjibu," alisema.